Bunduki ya darini iliyogongwa Armaguerra XX: ndo ile adimu au siyo?

Kuna binti wa Mombasa anafanya kazi ya kumtunza mzee mmoja mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia, kaniandikia, nafupisha: "Shikamoo mwalimu. Kaka yake mzee wangu amefariki, tulivyokuwa tunasafisha nyumba yake tukakuta darini bunduki imeviringishwa kwenye blanketi la jeshi. Kwenye chuma imegongwa Armaguerra Cremona na XX. Mpwa wa mzee ameperuzi mtandaoni anasema hii ni ile ya majaribio inayojipakia yenyewe, zilitengenezwa chache mno na bei yake ni ya nyumba. Alikinyanyua kile kishikio cha pembeni kikapanda juu, akakivuta nyuma ikafunguka, ndani hamna risasi. Sasa anataka aipige msasa ing'ae ndo wauze. Ni kweli? Halafu mimi mwenyewe nimeanza kuvutiwa na silaha za kale, naanzia wapi?"

Marahaba mwanangu. Naanza na la haraka kabla ya historia, huo msasa uwekwe chini leo hii, na hiyo bunduki isiguswe tena na mtu. Hata kama mpwa kachungulia akaona hamna kitu, chuma cha miaka themanini hakiaminiwi kwa kuchungulia mara moja. Pili, msiibebe kwenye gari kuipeleka popote. Italia mtu akikuta silaha ndani ya nyumba, iwe ya urithi au ya kuokota, lazima atoe taarifa, sheria inampa masaa 72 tu kwa silaha iliyoingia mikononi mwake kihalali, na ile ambayo haijulikani ilitoka wapi taarifa yake ni hapo hapo. Pigeni 112 au mmoja aende kituo cha Carabinieri, wale polisi wa Italia wenye mfumo wa jeshi, mikono mitupu aeleze, watasema wenyewe kama wanakuja kuichukua. Wewe ni mgeni kwenye nchi ya watu, una kibali cha kuishi cha kulinda, usikubali wakutume uipeleke kwa fundi au kwa mnunuzi.

Sasa swali lako. Hapana, siyo ile. Umenipa jibu wewe mwenyewe bila kujua, pale uliposema kishikio kilinyanyuliwa kikapanda juu ndo kikavutwa nyuma. Hiyo ni bunduki ya kukoki kwa mkono, kila risasi moja unanyanyua, unavuta, unasukuma, unalaza. Bunduki inayojipakia haina kazi ya kunyanyua, kishikio chake unakivuta moja kwa moja nyuma mara moja kupandisha risasi ya kwanza, zingine zinapanda zenyewe kila ukifyatua. Mliyonayo kwa maelezo yako ni Carcano, bunduki ya kukoki ya askari wa kawaida wa Italia, na kama ni ndefu kama sentimita 117 hivi kutoka kitakoni mpaka mdomo wa mtutu basi ni ile modeli ya 91/41.

Ila namwelewa mpwa, kosa lake ni kosa ambalo hata watu wazima kwenye hii fani wanalifanya, kwa sababu jina ni lile lile. Armaguerra ilikuwa kiwanda pale Cremona, na kiwanda hicho kilihusika na vitu viwili tofauti kabisa. Kimoja ni bunduki nusu otomatiki, yaani inayojipakia yenyewe, ya mbunifu Gino Revelli, modeli ya 39, ambayo kweli ni adimu kupita kiasi. Kingine ni hizi 91/41 za kukoki, ambazo kilizitoa kwa wingi vita vikiwa vimepamba moto, na kiwanda cha jeshi cha Terni nacho kikizitoa. Kwa hiyo jina la kiwanda peke yake halikwambii kitu. Ukikuta sufuria na beseni zina chapa moja huwezi kusema beseni ni sufuria.

Na ile XX sio modeli. Ni mwaka. Mussolini alianza kuhesabu miaka upya tangu Oktoba 1922 alipoingia madarakani, mwaka wa kwanza ukaanza mwishoni mwa mwezi huo, na wakawa wanaugonga kwa namba za Kirumi kwenye kila kitu, majengo, sarafu, bunduki. XX ni kuanzia mwisho wa Oktoba 1941 mpaka Oktoba 1942. Sasa angalia, ile modeli ya 39 ilikubaliwa na jeshi mwaka 1939, XX ni katikati ya vita, na katikati ya vita Cremona walikuwa wanakimbizana na bunduki za kukoki maana ndo jeshi lilikuwa linazihitaji jana na juzi. Hesabu ya mwaka na kile kishikio vinasema neno moja.

Utaniuliza, sasa kwa nini hiyo ya Revelli ikawa adimu hivyo kama jeshi lilishaikubali? Hapa ndo panaponipa mimi hamu ya hii kazi miaka yote, kwa hiyo vumilia nitaenda mbali kidogo.

Waitalia hawakuchelewa kufikiria, walichelewa kutengeneza. Miaka ya 1890 kuna kapteni wa Bersaglieri, wale askari wa manyoya kwenye kofia, anaitwa Amerigo Cei-Rigotti, alibuni bunduki inayotumia gesi ya risasi. Yaani risasi ikipita mtutuni, gesi kidogo inachomoka kwenye tundu inasukuma pistoni, pistoni inapiga fimbo, fimbo inarudisha nyuma bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ganda linatoka, risasi nyingine inapanda. Wazo hilo hilo ndo liko kwenye bunduki karibu zote za kijeshi unazoziona leo kwenye habari. Na yake ilikuwa na swichi, unaweza kupiga moja moja au mfululizo. Waingereza waliijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1900 hawakuridhika nayo, na jeshi la kwao nalo halikuichukua. Siku hizi utasoma watu wanaiita bunduki ya kwanza ya mashambulizi duniani, mi sikubaliani, maana ile ilikuwa inapiga risasi kamili ya milimita 6.5 ya Carcano, na bunduki ya mashambulizi kinachoifanya iwe hivyo ni risasi ya kati, yenye nguvu pungufu, askari aweze kuidhibiti ikipiga mfululizo. Ukitaka Waitalia waliowahi kuiwaza risasi ya namna hiyo nenda Terni mwaka 1921, pale walifanya majaribio ya bunduki ya risasi fupi ya milimita 7.35 kwa 32, miaka zaidi ya 20 kabla Wajerumani hawajatoka na ya kwao ikapata umaarufu. Hiyo ya Terni ndo inaniuma mimi kuliko zote, wazo sahihi kabisa likaishia kabatini.

Baba yake Gino naye jina lake kubwa. Abiel Bethel Revelli ndo aliyebuni ile Villar Perosa ya 1915, mitutu miwili pamoja, magazini mbili zimesimama juu, inapiga risasi za bastola kwa kasi ya ajabu. Wakaikata nusu baadae, Tullio Marengoni wa Beretta akautia mtutu mmoja kwenye kitako cha mbao ikawa Beretta ya 1918. Na kutoka hiyo ikaja ile 1918/30, nusu otomatiki ya risasi za bastola, ina kipete nyuma cha kuvutia, wenyewe wakaipa jina la utani Siringone, maana ukikivuta kile kipete ni kama daktari anavuta bomba kubwa la sindano. Walinzi wa misitu walikuwa nayo. Hiyo nakutajia kwa sababu ni nusu otomatiki ya Kiitalia ambayo mtu anaweza kukutana nayo kweli kwenye mnada, tofauti na hizi nyingine.

Miaka ya 1930 ndo kila kiwanda kikawa na ya kwake. Alfredo Scotti wa Brescia hapo hapo mnapoishi alitoa modeli yake ya X, na hiyo X tena ni mwaka wa kumi wa Mussolini, yaani 1932 hivi, umeona namba za Kirumi zinavyochanganya watu, huku ni jina kule ni tarehe. Breda wakatoa ile PG, herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiitalia ya kuchukua gesi, na hii ina kisa kizuri. Costa Rica waliagiza 400 za risasi ya milimita 7 ya Mauser, za kwao zikawekewa kitu cha pekee, ukibana trigga zinatoka risasi nne nne. Nne tu halafu inasimama mpaka ubane tena. Magazini ya risasi 20. Zimegongwa jina la serikali ya Costa Rica na ile XIII, ukihesabu utapata mwenyewe 1934 kuingia 1935. Halafu nchi yenyewe ikaja kuvunja jeshi lake mwaka 1948. Bunduki ya Italia, risasi ya Mjerumani, jina la nchi isiyo na jeshi. Mtu akiishika hiyo mkononi anashika mambo mengi kwa mpigo.

Mwishoni mwa miaka hiyo jeshi la Italia likaamua kuchagua moja, na ya Gino Revelli ikashinda. Hii haitumii gesi, inatumia teke. Si unajua bunduki ikipiga inarudi nyuma begani, sasa yeye mtutu na bolti vinarudi pamoja kidogo vikiwa vimefungana, halafu vinaachana, mtutu unabaki, bolti inaendelea nyuma. Ikakubaliwa 1939 na ikapangwa itengenezwe kwa maelfu.

Halafu ikaja balaa la risasi. Mwaka 1938 jeshi lilikuwa limeamua kuachana na 6.5 ya zamani lihamie 7.35, na bunduki mpya ikaandaliwa kwa hiyo 7.35. Italia inaingia vitani 1940, ghala zimejaa risasi za 6.5 mamilioni kwa mamilioni, wakaona haiwezekani kuwa na risasi mbili kwenye jeshi moja, wakarudi kwenye 6.5. Kwa bunduki ya kukoki hilo sio shida sana, unabadilisha mtutu maisha yanaendelea. Kwa bunduki inayojiendesha kwa teke la risasi yenyewe, ukibadilisha risasi umebadilisha kila kitu, uzito wa teke, springi, muda wa kufunguka, unaanza kupima upya. Wakati huo viwanda vinataka chuma, mashine na mafundi kwa ajili ya kitu cha leo na sio cha mwakani. Mpaka Italia inasalimu amri Septemba 1943 zilikuwa zimetengenezwa za kuhesabika. Wamarekani wenzao hapo walikuwa na nusu otomatiki yao, Garand, tangu 1936, mpaka uzalishaji wake unafungwa miaka ya baadae ilifika kama milioni 5 na ushee.

Na sisi huku Afrika Mashariki tunaweza kulithibitisha hilo kwa namna yetu. Babu zetu wa King's African Rifles, wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa, waliopigana na Waitalia Somalia na Uhabeshi mpaka Gondar ikaanguka Novemba 1941, bunduki walizoziteka kwa malundo zilikuwa za kukoki. Mwitaliano alikuwa na karatasi ya bunduki ya kisasa Roma, mkononi kwake Amba Alagi kule Uhabeshi ana Carcano ya mfumo wa 1891.

Kuhusu bei, mwambieni mpwa ukweli mapema kabla hajaahidi mtu nyumba. Carcano ni moja ya bunduki za bei ya chini kabisa kwa wakusanyaji, baada ya vita ziliuzwa nje kwa shehena. Ile iliyotumika kumuua Kennedy 1963 ilikuwa Carcano ya Terni ya 1940, iliagizwa kwa posta, na pamoja na darubini yake ilikuwa dola 19 na senti 95. Ya kwenu ikiwa safi na kila kitu chake itapata pesa ya heshima, sio ya nyumba.

Ila bei ndogo haimaanishi ichezewe, hapa nakuomba umkazie mpwa. Niliwahi kuitwa kuangalia Carcano moja kwa familia fulani, mjukuu alikuwa ameshaifanyia "usafi" wiki nzima. Chuma kinang'aa kama kijiko kipya. Mbao ameipaka vanishi ya milango. Pale kitakoni upande wa kulia panapokaa muhuri wa kiwanda, ule wa duara uliochomwa kwenye mbao, nilipitisha kidole nikasikia bonde dogo tu, herufi hamna. Nikauweka mwanga wa tochi kwa ubavu, unajua ukilaza tochi karibu na mbao vivuli vinasimama hata kwenye mkwaruzo mdogo, nikapata nusu ya mduara na alama kama ya taji basi. Nikaigeuza chini, kwenye mbao kulikuwa na mikato midogo midogo mtu alichonga kwa kisu, nayo imesagwa, imebaki miwili na kivuli cha wa tatu. Ilikuwa mingapi? Ilihesabu nini, siku, watu, barua? Babu alishafariki. Kutu nyepesi ya kahawia sio uchafu, ni umri wake, na mnunuzi anayejua anaulipia umri huo. Kinachotakiwa ni kitambaa kikavu na mafuta kidogo, na kwa sasa hata hicho msifanye mpaka Carabinieri wamalize.

Lile blanketi nalo lisitupwe, mwanangu. Na kama kuna karatasi yoyote mlemle darini, kitabu cha askari, picha, barua, kamba ya bunduki, viweke pamoja. Huo mkoa mnaokaa una historia nzito, Salò iko hapo hapo ziwani Garda na ndo palipokuwa makao ya serikali ya Mussolini ya mwisho baada ya Septemba 1943. Wanajeshi wengi walitupa magwanda wakarudi kwao kwa miguu na bunduki begani, wengine wakapanda milimani kupigana na Wajerumani, wengine wakaficha tu darini wakanyamaza. Mzee wako yupo hai, muulize taratibu jioni moja akiwa ametulia, kaka yake alikuwa wapi mwaka huo. Jibu lake liandike siku hiyo hiyo, na tarehe. Bunduki yenye maelezo ya mwenyewe na bunduki isiyo na maelezo sio kitu kimoja kabisa.

Sasa wewe na huu ukusanyaji. Nimefurahi sana, kina dada wa kwetu kwenye hii fani tuko nao wachache. Italia sheria yake ni ya 1975, inasema silaha ya kale ni ile iliyotengenezwa kabla ya 1890 au ile inayopakiwa kwa mdomo wa mtutu, hizo zina utaratibu wao. Za baada ya hapo zinahesabiwa ni silaha kama silaha nyingine, unahitaji kibali cha Questura, ofisi kuu ya polisi ya mkoa, kununua, cheti cha daktari, na ukitaka nyingi unakuwa na leseni ya ukusanyaji, na ukiwa nazo kwa leseni hiyo huruhusiwi kuweka risasi zake. Zile zinazopiga mfululizo kama ya Cei-Rigotti au PG ya Costa Rica mtu binafsi asahau, hizo ni silaha za vita, zinakaa makumbusho. Na hata singe usiokote sokoni ukadhani ni kisu tu, kwa Italia singe ni silaha na inaandikishwa.

Jihadhari pia na hizi zinazouzwa kama zimezimwa. Tangu Aprili 2016 Ulaya ina kanuni moja ya kuzima silaha, inakatwa na kuchomelewa ndani isiweze kurudi. Kwa Carcano ya kawaida ya kutundika ukutani sina neno. Kwa bunduki ya majaribio iliyobaki moja au mbili, kuichomelea ni kuua kitabu chenyewe, kwa sababu kilichomo ndani ndo historia, nje ni mbao na chuma tu.

Mi ningekuwa wewe ningeanza na macho na karatasi. Uko sehemu ambayo watu wanasafiri kutoka mabara mengine kufika. Panda basi nenda Gardone Val Trompia, bonde zima ni mafundi wa bunduki tangu zamani, Beretta wana karatasi ya mwaka 1526 ya kuuza mitutu kwa Venezia, na kuna makumbusho ya ufundi wa silaha palepale mjini. Brescia penyewe kuna makumbusho ya Marzoli, hayo ni ya mapanga, deraya na bunduki za karne za nyuma zaidi, lakini yatakufundisha jicho, namna chuma kilichofanyiwa kazi na mkono kinavyoonekana. Ukipata likizo ndefu fika Terni, kiwanda cha jeshi kina hazina yake ya silaha, ulizia mapema kabla ya kusafiri. Na Jumapili kwenye masoko ya vitu vya zamani tafuta vitabu vya maelekezo vya jeshi vya miaka ya 30 na 40, michoro ya hataza, picha za wanajeshi. Hivyo haviombi leseni, bei yake unaweza na mshahara wako, na siku ukisimama mbele ya Armaguerra ya kweli utaitambua kabla hujasoma kibao.

Carabinieri wakishaiangalia na wakiruhusu ipigwe picha, nitumie upande wa kulia wa kitako ukiwa umelaza tochi kama nilivyokueleza, na ile sehemu ya juu ya mtutu karibu na shabaha ya nyuma palipogongwa jina na mwaka. Nataka pia kujua namba ya kwenye mtutu na ya kwenye mbao ya kitako kama ni moja. Zikilingana kuna uwezekano mkubwa hiyo bunduki haijawahi kutenganishwa na mwili wake tangu Cremona, na hapo nitamwandikia mpwa mimi mwenyewe, kwa Kiitalia, kuhusu huo msasa.